Kuhamia Mac yenye chipu ya Apple: fanya haya kabla hujaiuza ile ya Intel

Kijana mmoja mwenye studio ya kurekodi muziki aliniletea Mac mini mpya, ingali na harufu ya boksi. iMac yake ya 2017 alikuwa ameshaifuta na kuiuza wiki iliyotangulia. Mafaili yote alikuwa ameyahamisha, ila alipofungua wimbo aliokuwa akiumalizia, nusu ya sauti zilikuwa kimya.

"Kaka, ngoma zangu zimekwenda wapi?"

Hazikuwa zimekwenda popote. Plagini, yaani vijiprogramu vya sauti vinavyoingia ndani ya programu ya muziki, zilikuwemo kwenye diski, ila zilikuwa za prosesa ya Intel, na mashine mpya haina Intel ndani yake. Nyingi tulizirudisha siku hiyo hiyo. Zilizotutesa ni chache ambazo leseni zake zilikuwa bado zimefungwa kwenye ile iMac, nayo ilishafika kwa mtu mwingine Morogoro. Ndiyo maana karibu nusu ya mwongozo huu inahusu kazi za kufanya kwenye kompyuta ya zamani, wakati bado iko mezani kwako na inawaka.

Kwanza, nini kimebadilika

Kila familia ya prosesa ina orodha yake ya maagizo inayoyaelewa. Mac za Intel zinatumia familia ya x86. Chipu za Apple, kuanzia M1, ni za familia ya ARM, ile iliyomo kwenye karibu kila simu ya mkononi. Kanda ya kaseti haichezi kwenye mashine ya CD hata kama wimbo ni ule ule, na programu nazo ziko hivyo hivyo.

Apple ni wazoefu wa kuhama. Mac ya kwanza, ya 1984, ilikuwa na prosesa ya Motorola 68000. Mwaka 1994 wakahamia PowerPC. Juni 2005 Steve Jobs akatangaza safari ya kwenda Intel, na mashine za kwanza zikatoka Januari 2006. Juni 2020 Tim Cook akatangaza kuiacha Intel yenyewe, na Novemba mwaka huo zikaja MacBook Air, MacBook Pro ya inchi 13 na Mac mini zenye M1. Mac Pro ndiyo iliyofunga mlango, Juni 2023.

Katika safari hizi zote Apple waliweka mkalimani. Wa sasa anaitwa Rosetta 2, jina la lile jiwe lililopatikana mjini Rashid, Misri, mwaka 1799, lenye maandishi ya aina tatu juu yake. Anachukua programu ya Intel na kuitafsiri iende kwenye ARM, na kwa kweli anafanya kazi nzuri kuliko nilivyotegemea. Lakini mkalimani huyu yuko kwa mkataba. Rosetta ya kwanza, iliyotafsiri PowerPC kwenda Intel, ilikuja 2006 na ikaondolewa 2011 kwenye mfumo endeshi wa Mac OS X Lion. Waliokuwa bado wanaandika kwa AppleWorks walisasisha mashine zao wakakuta programu haifunguki tena. Kwa hii ya sasa, Juni 2025 Apple walisema macOS Tahoe (macOS ndilo jina la sasa la mfumo huo) ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel, na kwamba Rosetta itakuwepo kamili hadi macOS 27. Baada ya hapo itabaki sehemu yake kwa ajili ya michezo fulani ya zamani.

Kwa hiyo itumie Rosetta kuvukia mto. Usijenge nyumba juu ya daraja.

Hatua ya 1: Jua uliyonayo ni ipi

Bofya alama ya tofaa juu kushoto, chagua "About This Mac". Ukiona neno "Processor" likifuatiwa na Intel, wewe ni msafiri. Ukiona "Chip" na jina la Apple, umeshavuka zamani.

Hili linawahusu zaidi wanaonunua mitumba. Muuzaji akikwambia "hii ni MacBook Air ya 2020", bado hajakwambia kitu, maana mwaka huo zilitoka mbili zenye umbo lile lile: moja ya Intel, nyingine ya M1. Igeuze usome maandishi madogo mgongoni. A2179 ni Intel, A2337 ni M1. Kwa MacBook Pro ya inchi 13, A2338 ndiyo yenye chipu ya Apple, wakati A2251 na A2289 za mwaka huo ni Intel. Kama maandishi yamefutika, tazama kitufe cha F5 kwenye Air: kikiwa na picha ya maikrofoni ni M1, kikiwa na picha ya mwanga wa kibodi ni Intel. Nimeshuhudia mtu akilipa bei ya M1 akabeba Intel, na muuzaji anaapa kwamba hajui tofauti.

Hatua ya 2: Piga sensa ya programu zako

Hapa usiwe na haraka. Tenga jioni nzima.

Shikilia kitufe cha Option, bofya alama ya tofaa, chagua "System Information", kisha kwenye orodha ya kushoto tafuta "Applications". Subiri ijaze. Kuna safu inaitwa "Kind". Ibofye ili ipange. "Universal" maana yake programu imebeba maagizo ya aina zote mbili, hiyo itavuka bila maswali. "Apple Silicon" ni ya ARM tupu, na kwenye mashine ya Intel hutarajii kuiona. Iliyoandikwa "Intel" ndiyo ya kuiandika kwenye daftari, na namaanisha daftari la karatasi.

Mbele ya kila jina la Intel, andika jibu la maswali haya: bado naitumia? Mtengenezaji ana toleo jipya la chipu ya Apple? Nikihamia toleo hilo, nalipia upya au leseni yangu inatosha? Mara nyingi utakuta theluthi ya orodha ni takataka ulizosakinisha siku moja ukazisahau. Zifute hapo hapo.

Kama mashine yako bado iko kwenye macOS Mojave au nyuma yake, kuna mtego mwingine. Mojave ndiyo iliyokuwa ya mwisho kufungua programu za biti 32; Catalina, ya 2019, ilizikataa. Rosetta 2 haiziokoi hata kidogo. Programu ya namna hiyo ikiwa imeshika mafaili yako, yafungue leo na uyahifadhi kwa aina inayosomeka popote: PDF, CSV, TIFF, WAV, chochote kisichomtegemea mtengenezaji mmoja.

Sensa hii haihesabu plagini, na hapo ndipo kijana wangu wa studio alipoteleza. Plagini za muziki zinakaa kwenye folda ya /Library/Audio/Plug-Ins, kila aina na chumba chake: Components, VST, VST3. Ili kujua plagini moja imebeba nini, bofya kulia, chagua "Show Package Contents", ingia Contents kisha MacOS. Fungua Terminal (dirisha la kuandikia amri), andika neno file, acha nafasi, buruta lile faili ulilolikuta ndani uliangushe dirishani, bonyeza Enter. Ukiona x86_64 peke yake, hiyo ni Intel tupu. Ukiona x86_64 na arm64, lala usingizi.

Kwa nini plagini zinasumbua kuliko programu kamili? Kwa sababu plagini haijitegemei, inaingia ndani ya programu mama na kuendeshwa humo, na programu mama huendeshwa kwa lugha moja tu kwa wakati mmoja. Programu ya muziki kama Ableton Live ikifunguliwa kwa ARM haiwezi kubeba VST ya Intel tumboni. Logic Pro ina ujanja wake wa kuziendesha plagini za AU (zile za folda ya Components) za Intel pembeni, mradi Rosetta ipo. Kwa nyingine, dawa ya muda ni kuilazimisha programu mama yenyewe ipite kwa Rosetta: bofya kulia juu yake, "Get Info", weka alama kwenye "Open using Rosetta". Plagini za Intel zitarudi. Ila sasa programu yote inatafsiriwa, na zile plagini za ARM tupu ndizo zitakazopotea. Chagua upande mmoja kwa kila mradi na usichanganye.

Hatua ya 3: Vifaa vya pembeni

Rosetta hutafsiri programu za kawaida. Haitafsiri draiva, yaani programu za kuendeshea vifaa, zinazoingia kwenye kiini cha mfumo, na hilo halina njia ya mkato. Kifaa chenye draiva ya namna hiyo ya Intel hakitawaka hadi mtengenezaji atoe nyingine.

Printa ya mtandao inayokubali AirPrint haina shida. Kibodi, kipanya, diski za nje na maikrofoni za USB za kawaida nazo hazina shida. Wa kuwaangalia ni hawa: kadi za sauti za zamani zenye draiva yake, skana, na zile modemu za USB za mitandao ya simu ambazo ukizichomeka zinafungua programu yao wenyewe. Hizo modemu nyingi zimeandikiwa mifumo ya miaka mingi iliyopita, zihesabu kama zimestaafu. Tumia hotspoti ya simu au rauta ndogo ya Wi-Fi.

Ukikuta kadi ya sauti ambayo mtengenezaji ametoa draiva ya ARM lakini bado ni ya kiini, mashine itakutaka ushushe kiwango cha usalama. Unazima, unashikilia kitufe cha kuwashia mpaka maandishi ya chaguo za kuwaka yatokee, unaingia "Options", kisha "Startup Security Utility", unachagua "Reduced Security". Inafanya kazi. Binafsi nikiona hivyo huanza kutafuta kadi nyingine.

Hatua ya 4: Kama una Windows ndani ya Mac yako

Boot Camp haipo kwenye chipu za Apple. Huwezi kugawa diski ukaweka Windows upande wa pili kama zamani.

Kilichopo ni kuendesha Windows 11 ya ARM ndani ya Parallels, ambayo Microsoft waliiidhinisha Februari 2023, au ndani ya VMware Fusion, ambayo siku hizi ni bure. Windows hiyo ina mkalimani wake naye wa kuendesha programu za x86, kwa hiyo programu nyingi za hesabu na za ofisini zinafunguka. Zinazogoma ni zile zinazotaka draiva yake maalumu, kama kifunguo cha USB cha leseni. Kama biashara yako inaning'inia kwenye programu moja ya hesabu ya Windows, ijaribu kwenye mashine ya mtu kabla hujatoa hela. Na kwa gharama ya Mac na Parallels, wakati mwingine ni nafuu kununua kalaptopu ka Windows kakae kaunta.

Jambo la kuandika kwa wino mwekundu: Time Machine (programu ya bakapu ya Mac) haihifadhi sehemu ya Boot Camp, wala Migration Assistant (ile ya kuhamisha vitu kutoka Mac moja kwenda nyingine) haiihamishi. Mafaili yaliyoko upande wa Windows uyanakili mwenyewe kwa mkono.

Hatua ya 5: Kuchagua mpya

RAM haiongezwi baadaye, imefungwa pamoja na chipu. Unachonunua dukani ndicho utakachoishi nacho. Oktoba 2024 Apple walianza kuweka kuanzia gigabaiti 16 kwenye Mac mpya. Kwenye mitumba ya M1 na M2 utakuta 8 kwa wingi. Kwa kuandika, barua pepe na mtandao, 8 inatosha. Kwa muziki, video au kuandika programu, tafuta 16, na usikubali kushawishiwa.

Ukitumia monita mbili, soma vizuri. Air ya M1 na ya M2 hukubali monita moja tu ya nje. Ya M3 hukubali mbili ukiwa umefunika kifuniko, ya M4 hukubali mbili kikiwa wazi. Kuna doki za DisplayLink zinazozunguka kizuizi hicho kwa programu yake.

Ukinunua iliyotumika, iwashe mbele ya muuzaji ikiwa imefutwa, na uiunganishe na intaneti mpaka ifike kwenye skrini kuu ya kazi. Ikiuliza akaunti ya mtu, au ikikuonyesha "Remote Management" na jina la kampuni ya ng'ambo, mrudishie kwa heshima uondoke.

Faida utakayoiona kwanza ni betri. Apple wenyewe waliipa Air ya M1 saa 15 za kuvinjari mtandaoni, na haina feni kabisa. Umeme ukikatika saa nne asubuhi, unaendelea na kazi yako mpaka jioni.

Hatua ya 6: Bakapu, kisha leseni

Chukua diski ya nje, endesha Time Machine mpaka imalize. Kisha buruta folda zako muhimu kwenye diski ya pili kwa mkono. Ndiyo, mbili.

Sasa fungua daftari lako la sensa upitie kila programu ya kulipia. Tafuta ndani yake sehemu ya kuondoa leseni kwenye mashine hii, na uiondoe. Nyingine ziko kwenye tovuti ya mtengenezaji chini ya akaunti yako. Hapo ndipo kijana wangu alipoacha wiki mbili za barua pepe na watu wa huduma kwa wateja.

Waandishi wa programu, kabla ya kuondoka andikeni brew bundle dump kwenye Terminal. Itawapa faili moja lenye orodha ya vitu vyote mlivyoweka kwa Homebrew, kile kisakinishi cha programu cha kwenye Terminal.

Hatua ya 7: Kuhamisha

Migration Assistant itakuuliza wakati wa kuwasha mashine mpya mara ya kwanza. Unganisha diski ya Time Machine au funga kompyuta mbili kwa kebo. Kwa Wi-Fi inawezekana, ila gigabaiti 400 zitakukesha. iMac na Mac mini hazina betri, kwa hiyo ziunganishe na UPS. Umeme ukikatika katikati ya kuhamisha utaanza upya.

Ushauri wangu unatofautiana na wa wengi: hamisha mafaili na akaunti, lakini ondoa alama kwenye "Applications". Programu zisakinishe upya moja baada ya nyingine. Inachosha, tena inakula bando, lakini ukihamisha vyote unabeba na uchafu wa Intel. Docker Desktop, kwa mfano, hutolewa katika mafaili mawili, moja la kila chipu. Ukihamisha la zamani utakuwa na lile la Intel. Homebrew ya Intel inakaa /usr/local, ya ARM inakaa /opt/homebrew, na ukizichanganya utapoteza Jumamosi yako kutafuta kosa lisiloonekana. Isakinishe upya, kisha brew bundle, basi.

Rosetta haiji ikiwa imeshawekwa. Ukifungua programu ya kwanza ya Intel mashine itakuomba uiweke, kubali. Ukipenda Terminal: softwareupdate --install-rosetta. Programu ya Intel huchelewa kufunguka mara ya kwanza, kwa sababu ndipo inapotafsiriwa. Usidhani imeganda ukaizima.

Hatua ya 8: Wiki mbili za majaribio

Fungua "Activity Monitor", weka safu ya "Kind" kama haipo, uitazame kila siku unapofanya kazi. Itakuonyesha nani bado ni Intel hata kama ulidhani umeshambadilisha. Utashangaa: mara nyingi ni kisasishaji kidogo cha printa ulichokisahau.

Fungua miradi yako halisi. Wimbo ule mzito, jedwali lile la hesabu la mwaka jana, hati ile yenye fonti za ajabu. Chapisha karatasi moja. Piga simu moja ya video.

Kwa wanaopeleka kazi kwenye seva: seva nyingi bado ni x86. Kontena utakalojenga kwenye Mac mpya litakuwa la ARM, litapanda vizuri, halafu seva itakujibu "exec format error". Jenga kwa kuongeza --platform linux/amd64. Na kwenye miradi ya JavaScript futa folda ya node_modules usakinishe upya, maana ndani yake mnaweza kuwa na vipande vya Intel.

Mambo ya kuzoea ni machache. Command na R wakati wa kuwaka, njia ya zamani ya kuingia sehemu ya matengenezo, hayafanyi kitu tena. Shikilia kitufe cha kuwashia. Ile tabia ya mafundi ya kurisiti SMC na NVRAM kwa mseto wa vitufe imekwisha, zima uwashe. Na diski ya ndani ikifa kabisa, mashine haiwaki hata kwa diski ya nje, kwa hiyo Time Machine iendelee.

Hatua ya 9: Kuiaga ya zamani

Ikae kabatini mwezi mzima. Najua mnunuzi anapiga simu. Mwambie mwezi ujao.

Ukifika, toka kwanza iCloud na "Find My". Kama mashine ina chipu ya T2, yaani Mac nyingi za kuanzia 2018, na iko kwenye macOS Monterey au mbele yake, kuna "Erase All Content and Settings" kwenye mipangilio. Bofya, thibitisha, imekwisha. Kama haina T2, iwashe huku umeshikilia Command na R, ingia "Disk Utility", futa diski, kisha sakinisha macOS upya. Kushusha macOS nzima hula zaidi ya gigabaiti 10, kwa hiyo fanya hivyo penye Wi-Fi ya ofisini. Ikifika kwenye ukurasa wa kuchagua lugha, usiendelee mbele. Bonyeza Command na Q, izime, umpigie mnunuzi.